Sarafu ya Lifti

Otari, Khatuna kapiga simu jana kutoka Thesaloniki.
Chukua paka, Mama, asema. Paka hadai matembezi.
Paka ana adabu za mgeni aliyezoea hoteli:
ale, alale, asikuulize ulikuwa wapi.
Nikamjibu ndiyo, ndiyo mwanangu,
huku vidole vyangu vikipanga sarafu mezani.

Maana lifti yetu waijua.
Kushuka ni bure. Kupanda, tetri ishirini,
na isipopewa inakutazama tu na taa yake moja
kama karani wa posta saa ya chakula.
Mbwa ni safari tatu: alfajiri, alasiri,
na ile ya usiku, baada ya taarifa ya habari.
Sitini kwa siku. Kwa mwezi, lari kumi na nane,
bei ya kilo ya jibini, lile la chumvi
ulilokatazwa na daktari ukalila jikoni gizani.

Basi paka. Nikadhani hesabu imekwisha.

Tsiala wa ghorofa ya pili hakungoja nibadili nia.
Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia, la,
nilipewa paka kwenye boksi la viatu,
kijivu, miguu minne ya soksi nyeupe,
mmoja soksi imeshuka.
Akaizunguka nyumba kama mkaguzi wa kodi.
Akanusa pazia, akanusa redio,
akapanda kiti chako,
akajikunja palepale ulipopabonyeza kwa miaka thelathini
akalala.

Nilisimama na taulo mkononi.
Sikumfukuza.
Kwake kile ni kiti.

Nikizungumza, anageuza sikio, uso haugeuzi,
vile ulivyonisikiliza wewe wakati wa mpira.
Usiku ananguruma miguuni pangu, kimota kidogo,
na ninalala, Otari, nakuambia kweli,
ninalala hadi mwanga unakuta meno yangu yangali kwenye glasi.

Lakini chini, kwenye mlango wa jengo,
yuko yule wa kipini cha njano sikioni,
nambari sifuri sita moja nane.
Si wa mtu. Wote tunamlisha.
Huwavusha watoto wa shule barabara
akiyabwekea magari kana kwamba yana deni lake.

Hili sikumwambia Khatuna:
siku ile walipokubeba,
gari la wagonjwa lilipoondoka na kelele zake,
yeye alilikimbilia.
Nilimwona kutoka dirishani, mimi niliyekuwa natafuta viatu,
alipita duka la mkate, akapita kituo cha mafuta,
akawa nukta, akawa hakuna.
Alirudi usiku wa manane, anachechemea.

Na tangu hapo, kila lifti ikifunguka
hanitazami mimi.
Hutazama nyuma yangu.
Hungoja mpaka mlango ujifunge,
ndipo mkia unaposhuka.

Nitaishi vipi na macho hayo, mlo kwa mlo?
Na nitaishi vipi na yule wa juu
asiyejua hata kikohozi chako?

Leo imeanguka theluji, ya kwanza.
Nimemwacha paka kitini, nimechukua sarafu nne
na mfupa uliofungwa kwenye gazeti.
Njoo, nikamwita. Akaja hadi kizingitini.
Mbwa wa mtaa, chumba cha chuma hakijui.
Nikatia sarafu. Mlango ukafunga, ukafungua:
yeye nje, mimi ndani, sarafu imeliwa.
Ya pili, hivyohivyo.
Jirani Avtandili akapita na ngano za kuku wake,
akatutazama, akachagua ngazi.

Ya tatu, akaweka mguu mmoja ndani.
Mmoja tu, unatetemeka, una theluji katikati ya vidole.
Mlango ukamgusa, ukarudi nyuma.

Juu kabisa, kupitia shimo la lifti,
nikasikia paka analia.

Nimebakiwa na sarafu moja, Otari.
Nimeishika. Imeshapata joto.